ABU BAKR AR-RAZI, TABIBU ASIYEONA HAYA KUWA NA SHAKA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.



Majuma machache yaliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya sala ya alasiri, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa ya siku mbili, kikohozi na macho mekundu. Mama alikuwa ametoka kwenye kituo cha afya. Mganga wa pale alimpima mtoto damu, hakuona malaria. Akamwambia mama kwamba bado hajui ni ugonjwa gani: huenda ni mafua makali, huenda ni surua inayoanza. Amtenge na watoto wengine, amnyweshe sana, amrudishe kesho kutwa, na kama mtoto atapumua kwa shida basi asingoje hata saa moja. Mama yule alikasirika. Aliniuliza mganga asiyejua ugonjwa ni mganga gani tena. Alitaka nimwombee mtoto dua, kisha ampeleke kwa mtu mmoja wa ng'ambo ya soko, ambaye yeye hachelewi kamwe kutaja ugonjwa na bei yake.

Nilimwombea mtoto. Lakini mama nilimketisha mkekani, nikamsimulia habari za tabibu mmoja aliyekufa yapata miaka 1,100 iliyopita. Leo nawasimulia ninyi nyote, kwa sababu mama yule hayuko peke yake katika jambo hili.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya. Alizaliwa mwaka 251 wa Hijra, yaani 865, katika mji wa Rayy nchini Uajemi. Mji huo siku hizi umeungana na Tehran, mji mkuu wa Irani. Kwa sababu ya mji wake aliitwa Ar-Razi, maana yake mtu wa Rayy. Wazungu waliosoma vitabu vyake baadaye walimwita Rhazes.

Hakuanza na utabibu. Ujanani alipenda kupiga udi, kile kinanda cha nyuzi, na alishughulika sana na kimiya, yaani kuchanganya na kuunguza madini. Waliosimulia maisha yake wanasema aliingia katika utabibu akiwa mtu mzima, amekwisha kupita miaka thelathini. Wenye ndevu kati yetu wanaoona haya kuketi darasani walitazame hilo. Huyu aliyeanza kwa kuchelewa ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha akawa mkuu wa hospitali katika Baghdad, mji wa makhalifa.

Nisiwafiche jambo moja. Katika falsafa Ar-Razi alisema maneno juu ya unabii ambayo wanazuoni waliyakataa. Mtu wa mji wake mwenyewe, Abu Hatim Ar-Razi, alijadiliana naye, akaandika kitabu cha kumjibu. Huko sisi hatumfuati. Lakini mbele ya mgonjwa alikuwa mwaminifu, na uaminifu ni mali ya muumini, popote akiuona huuokota.

BARAZA LAKE

Ibn an-Nadim, yule muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha kubwa ya vitabu mwaka 377 wa Hijra, yaani 987, alipokea habari za Ar-Razi kwa mzee mmoja wa Rayy. Mzee huyo alieleza kwamba Ar-Razi alikuwa na kichwa kikubwa, akiketi barazani kwake. Mbele yake waliketi wanafunzi wake, mbele ya hao wanafunzi wa wanafunzi wake, na mbele yao tena wengine. Mgonjwa alipoingia alieleza maradhi yake kwa wale wa kwanza kumpokea. Wakijua, walimjibu. Wasipojua, walimsogeza kwa walio nyuma yao. Wale nao wakishindwa, ndipo neno lilipomfikia mzee mwenyewe.

Angalieni utaratibu huo. Hakuna mwanafunzi aliyefukuzwa kwa kusema kwamba hajui. Kutojua kulikuwa na njia yake, kulisogezwa mbele mpaka kupate mwenye elimu zaidi. Aibu ilikuwa kwa yule ambaye angebahatisha ili asionekane mjinga, na mgonjwa akaondoka na dawa isiyo yake.

Mzee yule aliongeza kwamba Ar-Razi alikuwa mkarimu na mpole kwa watu, mwenye huruma kwa maskini na wagonjwa, hata akiwapa posho na kuwauguza yeye mwenyewe. Na kalamu haikuondoka mkononi mwake. Kila aliyemwingilia alimkuta anaandika, ama anaandika upya, ama anasafisha aliyoyaandika. Aliandika hata kitabu kwa ajili ya watu wasio na tabibu karibu yao. Ninyi mnaotoka vijijini, ambako kituo cha afya kiko mwendo wa siku nzima, mnaelewa ni watu wa namna gani aliowafikiria.

SHAKA JUU YA MWALIMU MKUU

Zama zile mwalimu wa matabibu wote alikuwa Galen, Waarabu humwita Jalinus, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Ar-Razi. Lililoandikwa na Jalinus lilikuwa hukumu. Tabibu akiona mgonjwa ambaye hafanani na kitabu, alifikiri mgonjwa ndiye aliyekosea.

Ar-Razi alimheshimu Jalinus kama mtoto anavyomheshimu baba. Lakini katika hospitali za Rayy na Baghdad aliona wagonjwa wengi ambao maradhi yao hayakwenda kama kitabu kilivyosema. Akaandika kitabu alichokiita Shukuk, maana yake ni shaka zake juu ya Jalinus. Hilo ni neno lilelile ambalo sisi katika Kiswahili tunasema shaka. Mwanzoni mwa kitabu alieleza kwamba jambo hilo linamuuma, kwa sababu anampinga mtu aliyemfaidia kuliko wengine wote. Lakini akasema kwamba elimu haimruhusu mtu kumkubali mwalimu bila kupima, na kwamba Jalinus mwenyewe aliwapinga waliomtangulia.

Basi shaka ya Ar-Razi haikuwa ya mtu asiyesoma. Ilikuwa shaka ya mtu aliyesoma kitabu chote, kisha akamtazama mgonjwa, kisha akakirudia kitabu.

KISA CHA ABDALLAH BIN SAWADA

Ar-Razi aliandika habari za wagonjwa wake mmoja mmoja katika karatasi zake mwenyewe. Kisa kimoja ndicho hasa nilichomsimulia mama yule.

Mtu mmoja aitwaye Abdallah bin Sawada alikuwa akishikwa na homa za mchanganyiko. Mara homa huja kila siku, mara siku moja ipo na siku moja haipo, mara hurudi siku ya nne, mara hupotea mpaka siku ya sita. Kabla ya homa alitetemeka kidogo, na alikwenda kukojoa mara nyingi sana. Sisi watu wa Congo tukisikia homa na kutetemeka hatungoji kuuliza, tunasema malaria, tunapita kwenye farmasi kununua vidonge.

Ar-Razi hakutaja ugonjwa mmoja. Alitaja miwili. Alisema ama homa hizi zitageuka kuwa ile homa ya siku ya nne, ama kuna kidonda ndani ya figo. Hakuwa na dalili ya kutosha kukata hukumu, akangoja ishara. Haukupita muda mrefu, mgonjwa akakojoa usaha. Hapo jambo likawa wazi: ni figo. Ar-Razi akampa dawa za kuleta mkojo mpaka usaha ukaisha, kisha akampa ubani na dawa nyingine za kukausha kidonda. Kwa muda wa kama miezi miwili mtu yule akapona kabisa.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa cha kujisifu. Lakini Ar-Razi aliendelea kuandika, akajihukumu mwenyewe. Alieleza kilichomzuia kuikata hukumu ya figo tangu mwanzo: mgonjwa alikuwa amezoea homa za namna ile tangu zamani, na mazoea hayo yakamvuta upande ule. Akaandika kwamba mgonjwa hakumlalamikia uzito kiunoni anaposimama, na kwamba yeye naye alisahau kumuuliza. Usaha ulipotoka ndipo alipomuuliza, na mgonjwa akakiri kwamba uzito huo alikuwa nao. Akaandika pia kwamba hakujua habari za baba wa mgonjwa, aliyekuwa dhaifu wa kibofu, na jambo hilo lilitakiwa kupimwa katika hesabu ya ule mkojo wa mara kwa mara. Na alipotaja matumaini kwamba maradhi hayatarudi, aliongeza kwamba ni kwa kupenda kwake Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, huyu alikuwa tabibu wa kwanza wa zama zake. Angeweza kuficha. Mgonjwa amepona, nani angeuliza? Lakini aliandika kwamba alisahau kuuliza swali moja, ili asilisahau kwa mgonjwa mwingine. Wengine waliomtibu Abdallah, anasema, hawakuelewa ugonjwa hata baada ya usaha kutoka. Bila shaka kila mmoja wao alikuwa na jina la ugonjwa tayari mdomoni.

NDUI NA SURUA

Kazi yake iliyomtangaza zaidi ni kitabu kidogo juu ya ndui na surua. Maradhi haya mawili yote huanza kwa homa, yote hutoa mapele, na matabibu wengi waliyachanganya. Ar-Razi aliketi karibu na watoto wagonjwa, akahesabu dalili kabla mapele hayajatoka. Aliona kwamba maumivu ya mgongo ni zaidi katika ndui, na kwamba kichefuchefu, fadhaa na kutotulia ni zaidi katika surua. Akaeleza mapele yenyewe yanavyotofautiana, na yapi ni ya kutia hofu.

Si kila alichosema kilikuwa sawa. Juu ya sababu ya maradhi hayo aliamini kwamba damu ya mtoto huchemka kama maji ya zabibu yanavyoumuka. Vijidudu hakuvijua, hakuna aliyevijua. Vilevile kuna wakati alitaka kujua kama kumtoa mgonjwa damu kunazuia uvimbe wa ubongo. Akawatoa damu wagonjwa wa kundi moja, akaliacha kundi lingine makusudi, apate kulinganisha. Akaona kwamba kutoa damu kunasaidia, na leo tunajua kwamba hakusaidii. Lakini njia yake ya kulinganisha ndiyo waganga wanayoitumia mpaka leo wanapojaribu dawa mpya.

Aliandika pia kwamba tabibu hodari si yule anayeweza kuponya kila ugonjwa, maana jambo hilo haliko katika uwezo wa binadamu. Na aliandika juu ya watu wanaomwacha tabibu mwenye elimu wakamkimbilia mjinga. Mnaona kwamba soko lenye ng'ambo yake lilikuwako hata Baghdad.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Uzeeni macho yake yaliharibika, akapofuka. Husimuliwa kwamba alikuja mtu kutaka kumpasua jicho. Ar-Razi akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule mtu hakujua, na Ar-Razi akakataa kuguswa naye. Wengine husimulia kwamba alikataa kwa kusema kuwa dunia amekwisha kuitazama vya kutosha.

Alifariki katika mji wake wa Rayy mwaka 313 wa Hijra, yaani 925. Karatasi alizoandikia wagonjwa wake zilikusanywa baada ya kifo chake, zikawa kitabu kikubwa mno kiitwacho Al-Hawi. Mwaka 1279 Myahudi mmoja, Faraj bin Salim, alikifasiri kwa Kilatini kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou, na mwaka 1486 kikapigwa chapa katika mji wa Brescia huko Italia. Matabibu wa Ulaya walisoma humo kwa karne nyingi.

MAMBO HAYA YANATUHUSU SISI

Asidhani mtu kwamba habari za mapele yanayofanana ni za kale tu. Mwaka 1970, huko Basankusu katika Équateur ya nchi yetu, aliletwa hospitalini mtoto wa miezi 9 mwenye mapele. Kila aliyemtazama aliona ndui. Lakini waganga walipata shaka, kwa sababu ndui ilikuwa imekwisha toweka katika sehemu zile. Wakachukua sampuli, ikapelekwa kupimwa ng'ambo, ikaonekana ni ugonjwa ambao haujawahi kujulikana kwa mtu: ndui ya nyani, ambao siku hizi huitwa mpox. Mtoto yule alipata nafuu ya mapele yake. Halafu surua ikamshika palepale hospitalini, naye akafariki. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wote waliopoteza.

Mwaka 1977 mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia. Kwanza walisema ni malaria. Kisha wakasema ni tetekuwanga. Ndui yenyewe ilijulikana baadaye. Kama wangeng'ang'ania jina la kwanza, ndui ingeweza kuanza safari upya. Mwaka 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Surua haikuisha. Katika mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Na tangu mwaka 2023 watu wa Kamituga na Kivu Kusini walijionea mpox ya namna mpya, na mara nyingi mtu aliangaliwa mapele asijulikane kama ni mpox, ni surua au ni tetekuwanga, mpaka apimwe.

Basi tuchukue mambo manne kutoka kwa Ar-Razi.

La kwanza, mganga akikuambia kwamba huenda ni hiki au kile, na rudi siku fulani nikutazame, hajakudharau. Amekupa ukweli alio nao. Siku aliyokutajia ni sehemu ya dawa. Usipoirudia umeacha nusu ya matibabu.

La pili, mwambie mganga yote. Abdallah bin Sawada hakutaja uzito wa kiuno, na tabibu hodari akapoteza njia kidogo. Sema dawa ulizokwisha kunywa, pamoja na zile za mizizi. Sema maradhi ya baba na mama. Usione haya kutaja mkojo wala choo. Mganga si mwalimu wa madrasa, hatakupigia fimbo.

La tatu, ninyi mnaovaa kanzu nyeupe ya uganga, na wamo kati yetu msikitini humu, msione haya. Sema hujui, msogeze mgonjwa mbele kwa mwenzako, na andika ulichosahau kuuliza. Lakini mgonjwa usimwache mikono mitupu. Mwambie afanye nini usiku huu, na ishara gani ikitokea asingoje.

La nne ni letu sisi maimamu na masheikh. Mtu akija kwetu na homa tumwombee dua, na tusimpe jina la ugonjwa tusiloujua, wala tusimtaje jirani yake kuwa ndiye aliyemroga. Ujuzi wote ni wa Mwenyezi Mungu, na anayesema kwa yakini jambo asilolijua amejitwalia kisicho chake. Tumwombee, halafu tumpeleke apimwe.

Mtaniuliza habari za yule mama. Hakwenda ng'ambo ya soko. Siku ya nne ya homa mapele yalitoka nyuma ya masikio, yakashuka usoni na kifuani. Ilikuwa surua. Alimrudisha mtoto kituoni, akapewa vitamini A na matunzo mengine. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuambukizwa kabla hawajatengwa, maana surua huambukiza hata kabla ya mapele, naye alilazwa siku tisa. Wote wawili wako hai, Alhamdulillahi. Watoto wa jirani, waliokatazwa kuingia katika nyumba ile, hawakushikwa. Mama mwenyewe aliniambia kwamba wanawe wote wawili hawakupata chanjo ya surua, ile inayotolewa mtoto akifika miezi 9. Wenye watoto wa umri huo, Jumatatu msikose.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, wape waganga wetu elimu yenye manufaa na ulimi wa kweli, na utupe sisi subira ya kungoja ishara yako. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.